Namna ya kufanya sensa ya viluwiluwi vya mbu Newala: kwa wadogo zetu wa zoolojia mnaoenda fildi

Wadogo zetu wa zoolojia mkifika mwaka wa mwisho swali ni lilelile, projekti gani naweza kufanya nyumbani kusini isiyokula hela na supavaiza asiikatae, na mi jibu langu halijabadilika: panda gari nenda Newala au Tandahimba kahesabu viluwiluwi vya mbu aina ya Aedes kwenye vyombo vya maji vya watu. Vifaa vyote vinaingia kwenye begi la mgongoni, hauhitaji mashine yoyote ya ajabu, na hoja ya kwa nini ufanyie kule wala haitakusumbua kuiandika. Chikungunya hii inayotajwa dunia nzima, homa inayoenezwa na hao hao Aedes, mlipuko wake wa kwanza kuelezwa kitaalamu ulikuwa hukohuko uwanda wa Makonde, 1952 mpaka 1953. Robinson na Lumsden waliuandika 1955, na Ross ndo aliyekipata kirusi chenyewe. Baadae kimetembea weee, 2005 na 2006 kikakipiga kisiwa cha Réunion kiasi cha theluthi ya wakazi wakaugua, mwisho wa 2013 kikaingia Karibiani. Halafu we mtoto wa Mtwara unaandika proposo ya panzi wa kwenye nyasi za hosteli, jamani.

Sababu ya Newala ni maji. Uwanda ule ni mchanga, mvua ikinyesha inazama, na chemchemi ziko chini kabisa mteremkoni, kwa iyo watu kutunza maji nyumbani sio jambo la leo: visima vya saruji vya kuvunia maji ya bati, mapipa, mitungi, ndoo, madumu. Aedes aegypti anachotaka ni hicho hicho, maji masafi kiasi, yaliyotulia, karibu na binadamu. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, so chandarua unacholalia usiku hakikusaidii sana kwake.

Kabla ya hatua zenyewe shika hili moja: unaandika KILA chombo chenye maji, hata ambacho hakina kitu. Wanafunzi wengi wanaandika vile walivyokuta viluwiluwi tu, wanarudi chuoni na orodha ndefu ya vyombo vyenye wadudu halafu hawawezi kusema ni vingapi kati ya vingapi. Hiyo sio data, ni orodha ya vyombo tu.

HATUA YA 1: Swali na kalenda

Usiende na swali la "kuchunguza mbu Newala", hilo ni la miaka kumi na watu ishirini. Chukua dogo. Mfano, kati ya visima vya saruji na vyombo vidogo vya ndani wapi panatoa pupa (hatua ya kati ya kiluwiluwi na mbu mzima) wengi zaidi? Au je, vyombo vyenye mfuniko vina tofauti na visivyo na mfuniko? Au linganisha kiangazi na masika, hili mi nalipenda zaidi maana majibu yake yanaweza kukushangaza. Kusini kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba inaisha Aprili au Mei. Masika kila takataka inashika maji, matairi, vifuu vya nazi, makopo, mpaka kwenye makwapa ya majani ya migomba, minanasi na magimbi (humo utakuta ndugu zake wengine, kundi la Aedes simpsoni, waandike peke yao). Kiangazi vyote hivyo vinakauka yanabaki maji ya akiba, yani mbu anabaki kumtegemea mwenye nyumba.

Ila angalia na korosho. Kuanzia Septemba, Oktoba kwenda Desemba watu wako shamba wanaokota, ukienda saa nne asubuhi utakutana na kuku na bibi mmoja. Kipindi hicho nenda mapema sana au saa kumi jioni. Kama ratiba ya chuo inakuruhusu, Juni na Julai ndo wiki za raha, hakuna tope na watu wengi wapo.

HATUA YA 2: Vibali

Hapa pafupi ila usiparuke. Barua ya utambulisho ya chuo inaenda kwa katibu tawala, inashuka halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Toa kopi nyingi, kila ofisi itabaki na moja na itagonga muhuri kwenye yako. Kama utawahoji watu maswali, hata ya "mnafunika maji?", muulize supavaiza mapema habari ya kibali cha maadili, usisubiri umefika fildi. Na mwenyekiti wa kitongoji usimchukulie poa kisa hana ofisi, huyo ndo atakayekutembeza, na neno lake moja kwa wanakijiji lina nguvu kuliko mihuri yote uliyobeba.

HATUA YA 3: Vifaa

Tochi ya maana (ya simu inatosha kwenye ndoo, kwenye kisima haitoshi), trei au beseni jeupe, kijiko cha upawa cheupe chenye mpini mrefu, dropa kubwa za plastiki, chujio la chai la matundu madogo, kiwavu kidogo chenye kamba kwa ajili ya visima, vichupa vyenye mfuniko unaokaza, alkoholi ya asilimia 70 au 80, na kama mna mpango wa vinasaba beba na ya asilimia 95. Makopo ya plastiki na vipande vya chandarua cha zamani kwa kulelea. Fomu zilizochapishwa, ubao wa kuandikia, na PENSELI. Sio peni. Lebo inaingia NDANI ya kichupa pamoja na mdudu, na wino wa peni ya kawaida ukikutana na alkoholi unayeyuka wote, asubuhi unakuta kichupa kina maji ya bluu na kikaratasi cheupe kisichosema chochote. Penseli haiendi popote. Na kuandika juu ya kichupa kwa maka peni peke yake pia usitegemee, tone moja la alkoholi likimwagika limefuta.

HATUA YA 4: Kuchagua nyumba

Omba orodha ya kaya kwa mwenyekiti au mtendaji, zipe namba, chagua kwa bahati nasibu. Kama orodha hakuna, anzia sehemu uliyoipata kwa kura na uchukue kila nyumba ya tano. Usichague nyumba kwa kuona tairi uani ukafurahi, maana ukifanya ivo umeshaamua jibu kabla ya kuanza. Nyumba iliyofungwa inaandikwa "imefungwa", unarudi siku nyingine, ikishindikana inabaki ivo kwenye fomu. Ile tabia ya kuruka kwenda jirani kimyakimya bila kuandika iache.

HATUA YA 5: Hodi

Hii ndo inayoamua kama utapata data au utapewa kiti na story tu. Piga hodi, salimia kwa utaratibu, shikamoo kwa wakubwa, subiri uulizwe habari za utokako. Usifike na koti jeupe la maabara na glavu mkononi, watu wazima bado wanakumbuka hadithi za mumiani na we unakuja na vichupa, jiongeze. Sema mapema kabisa kwamba huchukui damu ya mtu.

Maongezi yenyewe yanakuwaga hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Asante mama. Mi mwanafunzi, nimekuja na mwenyekiti hapa, tunaangalia wale wadudu wanaochezacheza kwenye maji. Naomba unioneshe vyombo vyote vya maji, vya ndani na vya nje."
"Vyote?"

Hiyo "vyote?" isikilize vizuri. Msimu wa mabibo kuna nyumba zina mapipa ya uraka (pombe ya mabibo), na zingine zina vitu vikali zaidi ya uraka ambavyo serikali haivipendi, na mtu akisikia mgeni ana fomu anataka kukagua mapipa anajua kimemkuta. Mwambie wazi, "ya maji tu mama, mengine hayanihusu". Na ukiliona pipa la aina hiyo we hujaliona, haliingii kwenye fomu, haliingii kwenye picha. Kwa ujumla usipige picha za ndani ya nyumba za watu, piga chombo chenyewe kwa karibu, tena kwa ruhusa.

HATUA YA 6: Kukagua chombo

Kwa kila chombo andika: aina, kiko ndani au nje, kivulini au juani, kimefunikwa au la (mfuniko wenye ufa andika "nusu", usiandike umefunikwa), maji ya mvua au ya bomba au ya kununua, lini kilioshwa mara ya mwisho, kina viluwiluwi au hakina, kina pupa wangapi. Kama kuna mtu ameweka dawa ya kuua viluwiluwi nayo andika.

Sasa mdudu mwenyewe ana ujanja. Ukisogea na kivuli chako kikapiga juu ya maji, viluwiluwi vya Aedes vinazama vyote chini, unachungulia unaona maji safiii, unaandika "hakuna" unaondoka. Simama pembeni, mulika kwa ubavu, subiri dakika mbili tatu. Lazima wapande maana wanapumua hewa ya juu kwa mrija ulioko mkiani. Pupa wana umbo la mkato ule wa kwenye maandishi, kichwa kikubwa na mkia umekunjwa, nao wanapandaga juu.

Vyombo vidogo mwaga maji yote kwenye beseni kupitia chujio, hesabu, kisha RUDISHA maji ya watu. Newala maji yanabebwa kichwani au yananunuliwa, ukimwaga dumu la mtu kwa ajili ya sayansi yako hiyo nyumba hutaingia tena na jirani zake pia. Kisima cha saruji hauwezi kumwaga, tumia kiwavu: zungusha ukutani karibu na uso wa maji mara kadhaa kwa utaratibu uleule kila kisima, idadi ileile ya mizunguko, ili kisima cha leo na cha kesho vilinganishike. Kiwavu na upawa visuuzwe kwa maji safi kabla havijaingia kwenye maji ya kunywa, na dropa iliyogusa alkoholi isirudi kamwe kwenye chombo cha mtu, uwe na mbili tofauti.

Kwa nini nawakazania pupa? Kiluwiluwi kina safari ya hatua nne na wengi wanafia njiani, hasa chombo kikijaa sana na chakula kidogo. Pupa kashavuka yote, baada ya siku mbili hivi anaruka. So kisima chenye viluwiluwi mia nne na pupa mmoja sio cha kutisha kama mtungi wenye viluwiluwi kumi na pupa kumi na tano. Ukijua hivyo utajua na pa kumshauri mtu aanzie.

Mayai hutayaona kirahisi, ni meusi, madogo, yanabandikwa moja moja ukutani mwa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, na yanavumilia ukavu kwa miezi. Ndo maana kumwaga maji bila kusugua kuta hakusaidii, ukijaza tena wanaanguliwa.

Jambo moja la usalama. Kuna njia ya zamani ya kukamata mbu kwa kukaa umekunja suruali wakutue mguuni. Kwa Aedes usiifanye, hata mtu akikuambia kaka zako waliifanya. Chikungunya haina kidonge cha kumeza kujikinga, dengi nayo hivohivo, na dengi imeshapiga Dar 2014 na 2019 sio hadithi. Kama unataka ushahidi wa mbu wazima tumia mitego ya mayai: kopo lililopakwa rangi nyeusi, maji kidogo yaliyolowekwa nyasi, na kipande cha kitambaa au ubao mkwaruzo ndani. Ila mtego huo uondoe ndani ya siku tano. Siku kumi sio mtego tena, umefungua kiwanda cha mbu kwenye uwanja wa watu.

HATUA YA 7: Sampo na lebo

Viluwiluwi vya kutambua waue kwanza kwa maji ya moto yasiyochemka (kama nyuzi 60 hivi) halafu uwahamishe kwenye alkoholi, ukiwatupia moja kwa moja kwenye alkoholi wengine wanakuwa weusi na kusinyaa. Lebo: Tanzania, Mtwara, Newala, kijiji, kitongoji, koodineti, tarehe, aina ya chombo, namba ya nyumba kwenye fomu (namba, sio jina la mwenye nyumba), jina lako. Mwezi watu wa makumbusho huandika kwa tarakimu za Kirumi, 12.vii.2025, ili asije mtu akabadilisha siku na mwezi.

Koodineti tumia desimali na usisahau alama ya kutoa upande wa latitudo. Sisi tuko kusini ya ikweta. Newala iko karibu na -10.9 na 39.3, ukiisahau hiyo alama ramani itakupeleka Ethiopia, na nawaambia kuna ripoti zimeshafika mezani zikiwa na mbu wa Newala walioko Ethiopia.

HATUA YA 8: Kulea

Sehemu ya viluwiluwi uwalee mpaka wawe mbu, maana utambuzi wa mzima ni rahisi na unathibitisha ule wa kiluwiluwi. Wanalelewa kwenye maji yaleyale ya chombo walichotoka. Chakula ni unga kidogo wa chakula cha samaki, kidogo kweli, ukizidisha juu ya maji kunafanya utando wanakosa pumzi. Kila siku toa pupa uwahamishie kikombe chenye maji safi kilichofunikwa chandarua. Ukiona kiluwiluwi kimoja kikuuubwa kuliko wote, cheusi kinachoelekea wekundu, kitenge haraka: huyo ni Toxorhynchites, anakula wenzake, ukimwacha humo usiku asubuhi utamkuta peke yake ameshiba. Akikua haumi mtu, anaishi kwa nekta.

Mbu akitoka usimuue hapohapo. Mpe angalau saa kumi na mbili, mwili ukauke na magamba yakae, vinginevyo atajikunja akawa kitu kisichoeleweka. Kuua ni friza, na kijijini friza iko kwa muuza barafu na soda, mpe kopo lililofungwa vizuri na umwambie ni nini kilichomo, asije akakisikia kwa watu. Kama unasafiri kwenda Mtwara mjini na pupa hai waweke kwenye tishu iliyoloweshwa, sio kwenye maji, ile rafu ya bodaboda na vumbi la barabara inawaua.

Kubandika: mbu hachomwi pini katikati, ni mdogo. Kata pembetatu ndogo ya karatasi ngumu, pini ipite kwenye sehemu pana, kwenye ncha weka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, mguse mbu ubavuni mwa kifua. Sanduku la vielelezo ukiliacha mezani sisimizi watafanya sherehe, weka miguu ya meza kwenye makopo yenye oili chafu. Ya maji usiweke, unajua mwenyewe kwa nini. Mikindani na mjini karibu na bahari ukungu nao unashambulia, vifuko vya silika vinasaidia.

HATUA YA 9: Kutambua

Kwa macho tu kwanza. Anopheles hana mrija, analala sambamba na uso wa maji. Culex ana mrija mrefu mwembamba, ananing'inia kichwa chini kwa mshazari. Aedes mrija wake mfupi mnene. Kwa maikroskopu sasa, angalia pingili ya nane ya tumbo: Aedes aegypti ana kichana cha magamba yaliyokaa mstari mmoja, kila gamba lina mwiba mkubwa katikati na vimiba pembeni. Mzima ni mweusi au kahawia nzito, miguu ina pete nyeupe, na mgongoni mwa kifua kuna mistari miwili myeupe iliyopinda kando na miwili myembamba katikati. Hapo kwenye mgongo ndo watu wanaharakisha, wanaona mweupe na mweusi wanaandika aegypti, wakati Aedes wengi wa Afrika wana nyeupe na nyeusi. Usipokuwa na uhakika andika "Aedes sp." na upeleke kwa mtaalamu, hiyo haikupunguzii maksi.

HATUA YA 10: Hesabu

Ziko tatu za asili. Tuseme mfano wa kubuni: umekagua nyumba 100, vyombo vyenye maji 400, nyumba zilizokutwa na viluwiluwi 20, vyombo vilivyokutwa navyo 32. Fahirisi ya nyumba ni 20 kati ya 100, asilimia 20. Fahirisi ya vyombo ni 32 kati ya 400, asilimia 8. Fahirisi ya Breteau ni vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100, hapo ni 32. Unaona sasa ile 400 ilivyo na kazi? Bila vile vyombo 368 visivyo na kitu hiyo ya pili haipo. Ongeza na idadi ya pupa kwa kila mtu anayeishi kwenye nyumba hizo, na uzigawe kwa aina ya chombo, hapo ndo pana utamu wa ripoti.

Data iingize kwenye kompyuta jioni ileile, piga picha kila fomu, tuma kopi kwenye barua pepe yako. Kabla ya kuondoka kijijini rudi kwa mwenyekiti umwambie kwa mdomo, Kiswahili cha kawaida, ni vyombo gani vimeongoza, na ukipata nafasi kwenye mkutano wa kijiji useme palepale kwamba kuta zisuguliwe, sio maji yamwagwe tu. Kisha toa daftari, hesabu mitego ya mayai uliyotega, zungukia mmoja mmoja, mwaga, sugua, rudisha kwenye begi. Ukitega ishirini na nne ziondoke ishirini na nne, ikipungua moja haupandi gari mpaka umeipata.